Sura ya Tano: Shingo ya Pikipiki na Bei ya Shaka

Mnunuzi mgeni wa pikipiki iliyotumika huanzia kwenye injini. Huipiga stati, huisikiliza ikinguruma, hutazama rangi ya moshi, kisha hubonyeza tairi na kujaribu taa. Mzoefu naye hufanya hayo yote, ila kabla hajataja bei huisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, humwomba mtu aikandamize kwa nyuma hadi gurudumu la mbele linyanyuke, halafu hushika usukani kwa vidole viwili na kuuzungusha polepole toka kushoto hadi kulia. Usukani ukinasa hata kidogo unapopita katikati, mazungumzo ya bei hugeuka hapo hapo.

Sura hii inahusu kunasa huko. Kasoro yenyewe imo kwenye gololi na vibakuli vya chuma ambavyo ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika pikipiki nzima. Pamoja na hayo, inaweza kukata bei mara kadhaa ya gharama ya kuitengeneza. Pengo hilo lina sababu yake, na lina dawa yake. Dawa hiyo haimo katika kukaza nati asubuhi ya siku ya kuuza. Imo katika kuifungua shingo na kuonyesha kilichomo.

Kilichomo ndani ya shingo

Mbele kabisa ya fremu ya pikipiki kuna bomba fupi nene lililolala kidogo kuelekea nyuma. Hiyo ndiyo shingo. Ndani yake unapita mhimili unaounganisha vishikio viwili, cha juu na cha chini, vinavyozishika shokapu za mbele. Ukigeuza usukani, mhimili unazunguka ndani ya shingo, na shokapu pamoja na gurudumu vinafuata.

Ili mhimili usisuguane na bomba, kila mwisho wa shingo umewekewa beringi. Katika pikipiki nyingi za bodaboda beringi hizo ni gololi zinazotembea kati ya vibakuli viwili vya chuma kigumu, seti moja juu na nyingine chini. Pikipiki nyingine, hasa kubwa, hutumia beringi za roli zenye umbo la pia, aina ambayo Henry Timken alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1898 kwa ajili ya ekseli za magari ya kukokotwa na farasi. Gololi hugusa bakuli kwa nukta ndogo, lakini roli hulala kwa urefu wake wote. Kwa hiyo mzigo uleule husambaa kwenye eneo kubwa zaidi, na roli hustahimili vishindo muda mrefu kuliko gololi.

Beringi ya juu na ya chini hazibebi mzigo sawa. Ya chini ndiyo inayopokea uzito wa mbele na kila kishindo kinachopanda kupitia shokapu. Vilevile ndiyo iliyo karibu na maji na vumbi vinavyorushwa na gurudumu. Ndiyo maana huanza kufa mapema kuliko mwenzake, tena mahali ambapo mpanda pikipiki haoni.

Kwa nini usukani lazima uwe huru

Watu wengi hudhani pikipiki husimama wima kwa sababu magurudumu yanazunguka. Kuzunguka kunasaidia, lakini jambo kubwa zaidi ni usukani. Pikipiki ikianza kulalia kushoto, gurudumu la mbele hugeuka kidogo kushoto, na gurudumu hurudi chini ya uzito unaoanguka. Mtoto anayesimamisha fimbo juu ya kiganja hufanya kazi hiyohiyo, maana mkono wake hauachi kukimbilia upande ambao fimbo inataka kuangukia. Ukimshika mkono asiweze kuusogeza, fimbo huanguka mara moja.

Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft nchini Uholanzi na Cornell nchini Marekani walichapisha matokeo ya baiskeli ya majaribio waliyoiunda kwa makusudi ili nguvu ya kuzunguka kwa magurudumu ifutwe. Mpangilio wa kawaida unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe nao waliuondoa. Baiskeli hiyo ilisukumwa bila mtu na bado ikajisawazisha, kwa sababu usukani wake ulikuwa huru kugeukia upande wa kuanguka. Zaidi ya miaka mia moja kabla yao, Wilbur Wright, ambaye pamoja na ndugu yake walikuwa mafundi wa baiskeli mjini Dayton kabla ya kuunda ndege, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanafanyaje ili kukata kona ya kushoto. Hakumpata aliyejua kwamba kwanza huusukuma usukani kidogo kulia. Mikono yao ilifanya jambo ambalo vichwa vyao havikulijua.

Mwendesha bodaboda naye hufanya marekebisho madogo ya aina hiyo mfululizo tangu asubuhi hadi usiku, bila kuyafikiria. Shingo yenye afya huyaruhusu. Shingo iliyolika huyazuia palepale yanapohitajika zaidi, yaani katikati, pikipiki ikiwa imenyooka barabarani. Usukani hungoja, kisha huruka kupita kiasi. Pikipiki huanza kuyumba pole kushoto na kulia, na mpanda hulaumu upepo, tairi au mzigo. Anayekwenda peke yake kwa mwendo mdogo anaweza kuzoea hali hiyo. Aliyebeba abiria na gunia, huku lori likimpita kwa kasi barabara kuu, hana nafasi ya kuzoea.

Chuma kinavyolika bila kuzunguka

Beringi ya gurudumu huzunguka mizunguko kamili, na kila mzunguko husambaza grisi upya. Beringi ya shingo haipati bahati hiyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hutikisika kwa nyuzi chache tu kulia na kushoto. Gololi zilezile hukaa mahali palepale pa bakuli lilelile, kwa miezi, na kila shimo la barabarani huzigonga pale zilipo.

Kwa hiyo beringi hii huumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kishindo kikubwa: shimo lililofichwa na maji, tuta lililorukwa kwa kasi, au ajali. Gololi husukumwa kwa nguvu hadi bakuli linabonyea. Wahandisi wameuita mbonyeo wa namna hii kwa jina la Johan August Brinell, Mswidi aliyetangaza mwaka 1900 njia ya kupima ugumu wa chuma kwa kukandamiza gololi ngumu juu yake na kupima ukubwa wa alama inayobaki.

Njia ya pili ni ya polepole, nayo huwapata hata wapanda pikipiki waangalifu. Mtikisiko mdogo usiokoma huikamua grisi itoke kati ya gololi na bakuli. Chuma hugusana na chuma, chembe hung'oka, huota kutu, na kutu hiyo husaga zaidi. Fundi anayefungua shingo ya namna hii hukuta unga wa rangi ya hudhurungi na vishimo vilivyopangika, kila kimoja mahali gololi ilipozoea kukaa. Miaka ya 1930 viwanda vya magari vya Marekani vilishangaa kuona magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yakifika na alama kama hizo kwenye beringi za magurudumu, ilhali hayajaendeshwa. Mhandisi John Almen alichapisha maelezo ya tatizo hilo mwaka 1937. Gari lilikuwa limesimama, lakini treni ilikuwa inalitikisa njia nzima.

Kwa hapa kwetu sababu hizo huongezewa nguvu na mazoea. Kuosha kwa mashine ya presha huku bomba likielekezwa kwenye shingo husukuma maji ndani na kuifukuza grisi. Mzigo uliozidi, abiria waliopakiwa mishikaki au magunia ya mkaa, huongeza uzito wa kila kishindo, na breki ikishikwa ghafla uzito huo huhamia mbele. Nati ya shingo ikilegea, gololi hucheza na kugonga badala ya kuviringika. Ikikazwa kupita kiasi, hubonyeza vibakuli hata kabla pikipiki haijatoka gereji. Mafundi wengi hawana spana ya ndoano inayoshika meno ya nati hiyo, basi huipiga kwa patasi na nyundo. Nati yenye meno yaliyopondeka ni ushahidi ambao mnunuzi makini huusoma bila kuambiwa.

Mpango wenyewe wa biashara ya bodaboda nao una mchango wake. Katika pikipiki ya mkataba, dereva hulipa hesabu kila siku au kila wiki hadi muda uishe ndipo kadi iwe yake. Katika kipindi hicho mwenye pikipiki haiendeshi na anayeiendesha bado si mwenyewe. Oili hubadilishwa, kwani injini ikifa hesabu nayo inakufa. Breki hutengenezwa, kwani abiria hulalamika. Shingo haimlalamikii mtu yeyote kwa sauti, basi inasubiri. Mkataba unapokwisha, dereva anakabidhiwa chombo ambacho huenda ndicho mtaji wake pekee, na shingo yake imekwisha kulika.

Kuipima shingo

Vipimo vinavyohitajika ni vichache, na kila kimoja kina swali lake.

Kwanza, shika breki ya mbele ukiwa umeikalia pikipiki, uisukume mbele na nyuma. Ukisikia kugonga kidogo, weka vidole kwenye mwanya kati ya fremu na kishikio cha chini. Kugonga kukihisika hapo, shingo imelegea. Kusipohisika, chanzo kinaweza kuwa ndani ya shokapu au kwenye pedi za breki.

Pili, nyanyua gurudumu la mbele, ushike miguu ya shokapu kwa chini na kuivuta mbele na nyuma. Hapa breki haihusiki, kwa hiyo mchezo wowote unaouona ni wa shingo au wa shokapu zenyewe.

Tatu, gurudumu likiwa bado juu, uachie usukani karibu na katikati. Shingo nzima huuacha uangukie upande mmoja bila kusukumwa. Ukikaa unapoachwa, ama nati imekazwa mno, au waya na kebo zinauvuta, au beringi zimekufa. Zungusha polepole ujue ni lipi. Kunasa kwenye nukta moja ya katikati ni vishimo. Uzito ulio sawa njia nzima ni nati. Uzito unaoongezeka kadiri unavyokaribia mwisho mara nyingi ni kebo.

Kipimo cha tatu ndicho kinachomfichua muuzaji aliyekaza nati ili kugonga kusisikike. Kugonga hunyamaza kweli, lakini usukani huwa mzito na kunasa hubaki. Grisi nzito mpya inaweza kufunika vishimo vidogo, ila vikubwa haivifuniki.

Mwisho, tazama shingo yenyewe. Katika pikipiki nyingi namba ya chesisi imegongwa hapo hapo, kwa hiyo unapoilinganisha na ile iliyo kwenye kadi, chunguza na chuma kinachoizunguka. Rangi iliyokunjamana au kupasuka nyuma ya shingo, rangi mpya mahali pamoja tu, mshono wa kuchomelea usiofanana na mingine, au kituo cha usukani kilichopinda upande mmoja, vyote hivyo vinasimulia ajali. Kisha simama nyuma ya pikipiki utazame kama gurudumu la mbele na la nyuma yamo kwenye mstari mmoja.

Bei ya shaka

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji anaijua mali yake, mnunuzi haijui. Mnunuzi akishindwa kutofautisha nzima na mbovu, hutoa bei ya wastani. Bei hiyo humwonea mwenye mali nzima na kumfaidisha mwenye mbovu. Wenye mali nzima wakijiondoa, sokoni hubaki mbovu, na bei huzidi kushuka.

Tuilete hoja hiyo kwenye shingo kwa mfano wa hesabu. Tuseme pikipiki ikiwa nzima ina thamani ya shilingi 1,800,000 za Tanzania, na seti mpya ya beringi pamoja na ufundi ni 50,000. Mnunuzi amehisi kunasa. Kunasa huko kunaweza kuwa kulika kwa kawaida, hasara yake 50,000. Kunaweza kuwa alama ya ajali iliyopinda mhimili au shokapu, hasara 250,000. Na kunaweza kuwa fremu imepinda, hasara 700,000. Tuseme anaamini kwamba kati ya pikipiki 10 za namna hiyo, 7 zina tatizo la kwanza, 2 la pili na 1 la tatu. Wastani wa hasara anayoiogopa ni 155,000. Akikata kiasi hicho kwenye bei hajakosea, ingawa kipuri na ufundi ni 50,000 tu.

Zile 105,000 zilizozidi ndizo bei ya shaka. Hazilipii chuma wala fundi. Zinalipia yale asiyoyajua mnunuzi. Mwenye pikipiki ambayo shingo yake imelika kwa kazi za kawaida anabebeshwa makosa ya pikipiki za watu wengine, kwa sababu tu hajatoa ushahidi wa kujitofautisha nazo.

Anayepeleka pikipiki ya zamani dukani na kuongeza fedha achukue mpya huonja jambo hili kwa uchungu zaidi. Mthamini wa dukani hana nafasi ya kufungua shingo ya kila pikipiki inayoletwa. Anapima kwa macho na mikono, anaandika namba, na bado anahitaji faida atakapoiuza kwa mwingine. Kila asichokijua hukikadiria kwa ubaya. Duka lina mafundi wake na linanunua vipuri kwa bei ya jumla, hivyo litatumia kidogo kuliko wewe kulitatua tatizo lenyewe, lakini punguzo la shaka litabaki kwenye karatasi yako. Kwa dereva aliyemaliza mkataba, kiasi hicho ni hesabu ya siku nyingi za kuamka alfajiri.

Kabla ya kuiuza

Kama shingo imelika tu na fremu ni nzima, itengeneze kabla ya kuuza, tena kwa namna inayoacha ushahidi. Badilisha seti nzima, juu na chini, vibakuli na gololi zake. Kuweka gololi mpya kwenye bakuli lenye vishimo ni kupoteza fedha, na kutengeneza beringi ya chini huku ukiiacha ya juu iliyochoka ni nusu ya kazi. Ukitaka kuhamia kwenye roli, fundi ahakikishe kwanza vipimo vinalingana na shingo yako, maana kimo cha beringi hizo hutofautiana, na kisipolingana nati haikai panapostahili.

Shokapu zikiwa zimeshatolewa, mwambie fundi akague unyoofu wa mhimili, mdomo wa juu na wa chini wa shingo, na mishono inayoiunganisha na fremu. Huu ndio wakati pekee ambapo sehemu hizo zinaonekana zote. Piga picha kwa simu, namba ya chesisi ikionekana. Vibakuli vya zamani usivitupe, vitie kwenye mfuko pamoja na risiti. Mnunuzi akiviona, akatazama na picha za shingo iliyo wazi, zile dhana mbili mbaya za ajali na fremu zinaondoka kwenye hesabu yake, na bei ya shaka inaondoka nazo. Baada ya kazi, endesha siku chache kisha urudi nati ikaguliwe tena, kwa sababu vibakuli vipya vikishakaa vizuri nati hulegea kidogo.

Kama fremu imepinda, hesabu ni nyingine. Usitumie fedha kupamba shingo ya pikipiki ambayo mifupa yake ina ajali. Iseme kasoro hiyo waziwazi na uikubali bei yake. Wapo wanaotafuta injini na vipuri, nao watakulipa kwa kile wanachokihitaji.

Mnunuzi naye ana wajibu. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania, Sura ya 214, na za Kenya, Sura ya 31, zina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, ubora hauchukuliwi kuwa umeahidiwa kwa kuwa tu umeuziwa. Hata ukinunua kwa mfanyabiashara, ukishaikagua mali, dhamana hiyo haifiki kwenye kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Aliyeitazama pikipiki bila kunyanyua gurudumu la mbele anaweza kujikuta hana pa kushika. Uliza swali la moja kwa moja, shingo imewahi kufunguliwa na pikipiki imewahi kuanguka? Majibu yaandikwe kwenye makubaliano ya mauzo, kwa kuwa kauli ya uongo iliyoandikwa ina uzito ambao ukimya hauna.

Zaidi ya bei na sheria yupo mtu wa tatu ambaye hakuwapo wakati wa mapatano. Ni abiria wa kesho: mama anayewahi zahanati, mwanafunzi anayewahi shule. Yeye hana nafasi ya kunyanyua gurudumu. Anapanda akiamini kwamba wawili waliopeana mikono juu ya pikipiki ile walijua walichokuwa wakiuziana. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema wazee, na kwenye shingo ya pikipiki maradhi yaliyofichwa na muuzaji humwangukia mwingine kabisa. Kwa hiyo fungua shingo, badilisha kilicholika, onyesha ulichokikuta, halafu dai bei yako yote. Utakuwa umeistahili.